Kadi Aliyonyimwa Kalafi

SAA 5:10 ASUBUHI

"Nasema mara moja tu," Kalafi alisema. "Mwenye usingizi atoke."

Walikuwa watatu, nyuma ya tanuri lake la mkate, mjini Nuku'alofa, wamekalia magunia ya unga. Kalafi ndiye bosi. Hakeai, dereva, alikuwa anatafuna mkate wa bure. Paea, aliyetoka jela mwaka jana, ndiye mtu wa bunduki.

Mpango ulikuwa mfupi. Nguo nyeusi, na mikeka mikubwa ya msiba kiunoni. Kwetu Tonga hakuna anayempekua mfiwa. Bunduki chini ya mkeka. Saa nane na nusu, mlinzi wa pili akienda kula, wanaingia benki. Dakika nne.

"Na barua yako je?" Hakeai alitania. "Bado unalala nayo?"

Kalafi hakucheka. Aliitoa mfukoni. Mara mbili ameiomba benki hiyo kadi ya mkopo, mara mbili wamemkatalia. Lupe, binti yake wa miaka sita, ana tundu moyoni, na hospitali ya Auckland haimpangii siku bila namba ya kadi. Barua ilikuwa mistari miwili. Tunasikitika. Hujatimiza vigezo. Chini, sahihi iliyokorogwa, haisomeki.

"Miaka kumi na tisa wanakunywa chai kwa mkate wangu! Binamu yangu kule ana kadi, ila anataka pesa kwanza. Sawa, tutazitoa kwao. Lakini aliyetia hii sahihi atanisomea barua kwa sauti."

"Tunachukua, tunatoka," Paea alisema. "Hasira zako ziache hapa."

"Wewe shika bunduki, bwana."

SAA 8:31 MCHANA

Soksi usoni. Bunduki juu.

"Chini! Wote chini!"

Mlinzi alilala wa kwanza. Karani akajaza mfuko bila kuambiwa mara mbili. Dakika mbili tu. Wangeweza kuondoka. Mungu wangu, wangeweza kuondoka.

Kalafi akaibandika barua kwenye kioo cha karani. "Nani katia sahihi hapa?"

"Mimi."

Paea aliijua sauti kabla ya kugeuka. Seluvaia, binti wa baba yake mkubwa. Alikuwa tawi la benki kisiwani Vava'u. Tangu jela, nyumbani hakuna anayempa Paea habari, na hakujua amehamishwa. Wengine wangemwita binamu. Kwetu ni dada, na mwanamume hasikii tusi mbele ya dada yake akavumilia.

"Soma!" Kalafi alifoka.

Seluvaia aliitazama. Jina la Kalafi lilikuwa pale juu, wino mweusi. Hasira ilimfanya Kalafi mjinga, akajifichua mwenyewe.

"Bwana Kalafi," alisema polepole, "maombi yako niliyapeleka mimi mara zote mbili. Wanaokataa wako makao makuu, Sydney. Mimi natia sahihi tu."

"Twende," Paea alinong'ona. "Kalafi, twende, nakuomba."

Kalafi hakumsikia. Akamtukana Seluvaia. Tusi la nguoni, lote, mbele ya watu.

Kitako cha bunduki kilimpata Kalafi mdomoni. Alianguka na mfuko, noti zikatawanyika.

"Huyo ni dada yangu," Paea alisema.

Nje, Hakeai aliona kila kitu kupitia dirisha. Akatia gia, akaenda zake.

Paea akavua soksi. Akaisukuma bunduki mbali, akaketi sakafuni, kichwa kikiwa chini kuliko meza ya dada yake, kwa heshima, asimtazame. Alijua anakorudi.

SAA 8:44 MCHANA

Polisi waliwafunga pingu wote wawili.

"Lupe je?" Kalafi alilia, mdomo umejaa damu. "Paea! Mwanangu nikamwambie nini? Nijibu, msaliti wewe!"

Paea alikuwa na la kujibu. Lakini kwetu maneno makali hayasemwi mbele ya dada, na dada yake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale.

Noti zote ziliokotwa. Benki haikupoteza hata moja. Seluvaia akaiokota na ile barua, akaipangusa unga kwa kiganja, machozi yakimtoka, akaiweka kwenye jalada la waliokataliwa.