Mpenzi wa Bafuni

Walikutana sokoni, kwenye kibanda cha vyombo vya mitumba, wote wawili wameshika kipimajoto kimoja.

"Nataka kupimia shira," alisema mpishi wa keki, unga bado uko kwenye nyusi.

"Na mimi dawa za filamu," alijibu mpiga picha. "Tuchangie, Sukari."

Jina likamganda. Kipimajoto kikawa cha kuazimana, na mapenzi yakapata kisingizio.

Siku moja Sukari alikuja nyumbani kwa mpiga picha kukichukua, amevaa gauni lake la njano. Alikuwa amepiga simu weee, haikupokelewa. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishiwa tu. Akaingia, akasikia sauti ya mwanamume wake bafuni:

"Njoo, mpenzi... taratibu... usinikwamie leo."

Tangu mama yake azikwe, huyu ndiye pekee aliyembakia wa kumwegemea.

"Uko na nani humo?"

"Sukari? Usifungue! Nakuomba!"

"Mtoe huyo mpenzi wako nimwone!"

"Ni filamu! Naiviringisha kwenye kigurudumu chake niisafishe, inakwama. Ikiona mwanga imekwisha!"

"Filamu ndiyo unaibembeleza hivyo? Mimi mtoto?"

"Sukari, humu yumo mama yako."

Mkono wake ukaganda kwenye kitasa.

"Ile Jumapili ulipounguza keki akakucheka. Nilitaka nikuite ikishakauka. Hii ya slaidi haina nakala, filamu yenyewe ndiyo picha."

Mlango haukuwa na komeo. Sukari hakuwa na picha hata moja ya mama akicheka. Katika zote alizokuwa nazo, mama alikuwa amekaza midomo kama yuko mbele ya hakimu. Kama mwanamume huyu anadanganya, amemfanya mjinga. Kama anasema kweli, kusukuma mlango ni kumpoteza mama tena. Akazima taa ya ukumbini na kufunga vyumba vyote mpaka asione kiganja chake.

"Naingia. Nikigusa mtu wa pili, utanitambua!"

Akapapasa gizani: beseni, taulo, pazia, kisha bega lililolowa jasho. Basi.

"Shika ukingoni," alinong'ona mpiga picha. "Katikati usiguse."

Vidole vilivyozoea kuchora maua ya keki vikaiongoza filamu kwenye kigurudumu, ikaingia. Mpiga picha akaitia kwenye kopo la dawa lisilopitisha mwanga, akalifunika, akawasha taa.

Sukari ndiye aliyeshika kipimajoto, akiongeza maji ya moto kila joto liliposhuka, maana dawa ya kwanza ya kusafishia haisamehi joto likikosea. Mwishowe filamu ikatoka imelowa: mama, kitambaa chekundu kichwani, anacheka mpaka pengo linaonekana. Sukari alilia kwa sauti.

Katika picha ya mwisho, mama alikuwa ameinyooshea kamera kidole chake cha pete.

"Alikuwa anasema nini hapa?"

"Aliuliza nakuoa lini. Nikajifanya nabadilisha lenzi."

"Lenzi umeshabadilisha. Nijibu mimi."

"Ukinikubali, hata wiki hii."

"Nimekukubali," alisema, akijifuta machozi. "Ila ukiiita tena filamu mpenzi, nachukua kipimajoto changu naondoka."