Njia ya Mchumba

Mara ya kwanza walidhani ni mashine.

Fundi Meno alikuwa amepeleka cheti chake cha ndoa kwenye kibanda cha wakala wa fomu, mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Njia Fupi, ili kitolewe nakala. Cheti kiliingia kizima. Nakala ikatoka na muhuri, na tarehe, na jina la mke, lakini pale palipokuwa na jina la mume palikuwa peupe. Njia Fupi akafuta kioo kwa upindo wa shati, akarudia. Peupe. Akarudia tena, na safari hii karatasi ilitoka ikinukia udi.

"Mashine yangu haijifukizi, dada," alisema akijaribu kucheka.

Fundi Meno hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, fundi wa meno ya bandia, anayeweza kuangalia taya la plasta akakwambia mwenyewe hutafunia upande gani. Mumewe alikuwa mgeni, fundi wa lifti, aliyekuja kwa mkataba kufunga lifti katika jengo lenye karakana yake. Siku moja lifti ilimgandisha Fundi Meno kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na yule mgeni akakaa nje ya mlango saa mbili nzima akimsemesha kwa Kiswahili chake cha kuvunja ngeli. Watu hupendana harusini. Hawa walipendana wakiwa wametenganishwa na bati. Mkataba ulipoisha mume alirudi kwao, mke akamfuata likizo, wakafungishwa ndoa mbele ya msajili na mama mkwe. Sasa mke alikuwa amerudi kazini, ana mimba ya miezi mitano, na alitaka baba wa mtoto aje.

"Njia ziko mbili," Njia Fupi alimweleza, sauti chini. "Ya mume, anaomba akiwa kwao, akiingia anaingia mkaazi kabisa. Lakini itakula mwaka na zaidi. Ya mchumba, miezi minne tu. Anakuja, mnafunga ndoa hapa, basi."

"Lakini tumeshaoana."

"Cheti cha huko nani atakiona? Hata mashine imekikataa." Akamsogezea karatasi mbili, ya mume na ya mchumba, na kidole chake kikatua kwenye mstari mmoja wa ile ya pili. "Hapa tu. 'Mimi, fulani binti fulani, sijaolewa.' Saini. Mtoto atazaliwa baba yake yupo."

Fundi Meno alizichukua zote mbili akaenda nazo karakanani. Tusimlaumu. Aliyeachwa kwenye kitanda cha watu wawili ndiye ajuaye urefu wa mwaka.

Mchana ule ule, umeme ukiwa umekatika na mashine ya kusugulia imenyamaza, alisikia nyuma yake sauti ndogo kavu, kama mtu anayegonga sahani kwa ukucha. Aligeuka. Rafu ilikuwa na mataya kumi na moja ya plasta, kazi za wiki ile, na alikumbuka vizuri kwamba alikuwa ameyageuza yaangalie ukuta yakauke. Sasa yote yalikuwa yanamwangalia yeye.

Simu ikalia. Mumewe.

"Mpenzi wangu," alisema, "nimelitafakari jambo letu. Ichukue njia ya mchumba. Itie saini leo, mchumba wangu."

Moyo wake ulitulia kwanza, maana ilikuwa sauti ile ile, na mkono ukaanza kuitafuta kalamu. Kisha ukasimama. Mumewe hajawahi kusema "nimelitafakari" tangu azaliwe. Huyo ni mtu wa "mke yangu" na "kiti wako iko tupu." Kiswahili hiki kilikuwa kimenyooka kama rula.

"Wewe nani?" alinong'ona.

Sauti ikasema, polepole, bila kubadilika: "Aliyekungoja tangu una miaka tisa."

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake mdogo, aliyemlea tangu wazazi wafariki, akipepeta mchele. Fundi Meno alimweleza yote. Ungo ukateleza, mchele ukamwagika.

"Mama mdogo, unajua kitu."

"Usinitazame hivyo, mwanangu."

"Niambie."

Mama mdogo alikaa chini katikati ya mchele ule. "Ulipokuwa na miaka tisa uliugua siku kumi na mbili. Homa ilikuwa inakupika. Baba yako alitoka nje alfajiri akasema na kitu ambacho mimi sikukiona. Nilimsikia tu. Akasema, mwache aishi, atakuwa wako mpaka aolewe. Asubuhi uliomba maji."

"Na wale wachumba wangu wawili wa zamani waliokimbia?"

"Mmoja aliniambia amekuta mtu amekaa kwenye kitanda chako. Nikamwambia alikuwa anaota." Alifuta macho. "Nilidhani ukiolewa kwa watu wa mbali, hakitajua."

Kesho yake adhuhuri mama mdogo alimleta Mama Ubani, mkunga mstaafu ambaye watu walimwita wakati dawa za hospitali zimeshindwa. Alikuwa mfupi, mkali, na kabla ya kuvua viatu alikuwa ameshaomba kuona zile fomu mbili. Akazisoma mstari kwa mstari, miwani puani.

"Kumbe jini wako hana ujinga," alisema. "Jini ni kama mpangaji mkaidi, binti. Hatoki kwa makelele. Anatoka mkataba ukiisha. Baba yako alisema mpaka aolewe, na wewe umeolewa. Wake umekwisha. Kilichomsalia ni wewe mwenyewe uikane ndoa, kwa mkono wako. Ukiandika 'sijaolewa', umemrudishia mke. Na mtoto atakuwa wa nani?"

Fundi Meno alishika tumbo.

"Mimi nitafukiza, nitasoma," Mama Ubani alisema. "Ulimi ni wako."

Walikwenda karakanani. Ubani ulipoanza kufuka, harufu ya udi ilipanda juu yake ikaumeza, nzito, tamu, kama chumba cha bi harusi kilichofungwa miaka mingi bila mtu kuingia, na mataya yakaanza kugongana, moja, kisha mawili, kisha yote kumi na moja kwa pamoja kama watu wanaotetemeka kwa baridi kwenye mchana wa jua kali, na mama mdogo akajibanza mlangoni akiuma upindo wa mtandio wake, na Mama Ubani akazidi kusoma hadi sauti ikamkauka, na kutoka kwenye yale meno ambayo Fundi Meno alikuwa ameyachonga kwa mikono yake mwenyewe, jino kwa jino, ikatoka sauti ya upole ikimwambia mumeo yuko mbali, mimi niko hapa, nilikutoa kwenye homa, andika, neno moja tu, andika.

Mkono wa baridi ulimshika kiwiko, ukamsogeza kuelekea fomu ya mchumba.

Alikuwa na hofu. Lakini chini ya hofu palikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa ya miaka ishirini na mitano.

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema. "Sikuulizwa!"

"Baba yako aliniahidi."

"Baba yangu amekufa. Kamdai huko huko." Akaivuta fomu ya mume mbele yake. Kalamu iligoma, wino ukakatika. Akaitupa, akachukua penseli anayochorea nta, akaandika kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka: *Hali ya ndoa: nimeolewa.* Jina la mume akaliandika kwa herufi kubwa, akizitamka moja moja kama anayemfundisha mtoto kusoma. "Mwaka nitangoja. Miwili nitangoja. Wewe hukungoja, wewe ulivizia. Mimi ni mke wa mtu!"

Tumboni, kwa mara ya kwanza, mtoto alipiga teke.

Rafu ikaanguka. Mataya yote yakavunjika, na udi ukakatika ghafla kama mlango uliofungwa. Palibaki ubani tu, na vumbi la plasta, na Mama Ubani akikohoa.

"Hiyo yenye tundu hawaipokei," alisema alipopata pumzi. "Kaombe nyingine, uandike kwa wino."

Wazee kumi na mmoja walikunywa mchuzi wiki nzima wakisubiri meno mapya. Njia Fupi alirudishiwa fomu yake ya mchumba ikiwa tupu, na mashine yake ikatoa nakala ya cheti na majina yote mawili. Mtoto alizaliwa, wa kike, baba yake akisikia kilio cha kwanza kwenye simu na kulia naye. Usiku mwingine Fundi Meno alijilaani kwa kuchagua njia ndefu. Asubuhi alikwenda kazini.

Baada ya mwaka na miezi miwili aliitwa ofisi ya uhamiaji. Alikwenda na mtoto mgongoni. Afisa, dada mwenye sauti ya kuchoka, alifungua faili, akagonga muhuri.

"Hongera. Ombi la mume limekubaliwa. Anaweza kukata tiketi." Kisha akakunja uso, akavuta karatasi iliyokuwa chini kabisa. "Ila humu kuna ombi jingine kwa jina lako. La mchumba. Mwombaji ni... hili jina sijui hata linasomwaje. Limeletwa leo asubuhi."

"Lifute."

"Dada, sheria inataka nimjulishe mwenyewe. Ameandika hapa kwamba yuko nje, kwenye benchi, anakusubiri."

Kupitia mlangoni Fundi Meno alisikia harufu ya udi. Alimkaza mtoto mgongoni, akachukua karatasi yake yenye muhuri, akasimama.

"Mlango wa kutokea ni huo huo mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi nitapita hapo hapo mbele yake," alisema, "na yeye mwambie aendelee kusubiri."