Programu Moja, Majina Mawili

"Sema ulinakili kwangu," Waziri alimwambia. "Neno moja tu, mpenzi, halafu yanaisha."

Walikuwa wamesimama kwenye korido nje ya ofisi ya mwalimu. Waziri ameegemea ukuta, Nesi ameikumbatia kompyuta yake kifuani. Darasa zima liliwajua kwa majina hayo. Kijana aliitwa Waziri kwa sababu ya mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanakata, na maneno yasiyoisha. Msichana aliitwa Nesi kwa kuwa ndiyo kazi yake. Hospitali ilimpa ruhusa asomee Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa ajili ya sayansi ya data, na akifaulu ahamie ofisi ya takwimu, aachane na zamu za wodi ya wazazi.

"Na ruhusa yangu?" Nesi aliuliza. "Nikifelishwa hospitali inaniita nirudi, ile nafasi anapewa mwingine."

"Wewe utajipanga upya. Mimi nina onyo tayari. La pili ni kufukuzwa, unajua hilo."

Alijua. Pia alijua programu ni ya nani. Kazi ya mwisho wa muhula ilikuwa hivi: kila mwanafunzi apewe jedwali la watoto waliozaliwa kwenye kliniki fulani, jedwali limejaa makosa na nafasi tupu, aandike programu ya kulisafisha na kulichambua. Nesi alihangaika nayo mpaka macho yakawa mekundu. Waziri akaomba aione kidogo tu, apate pa kuanzia, akatumiwa kwenye simu. Bwana mkubwa hakuanzia popote. Alifuta jina la mwenzake pale juu, akaweka lake, akawasilisha. Hata nafasi alizoacha Nesi katikati ya mistari zilibaki vilevile. Mtambo wa chuo wa kulinganisha kazi za wanafunzi haukupata tabu kuwanasa.

"Kwani unanipenda au hunipendi?" Waziri aliuliza kwa sauti ya chini.

Hilo ndilo swali la mtu aliyeishiwa hoja. Lakini Nesi alikuwa ameshazama, na aliyezama haulizi kina. Alimpenda huyu kijana bila breki. Walikuwa wakila sahani moja, wakisoma meza moja, na mama yake Nesi alishaanza kumwita mkwe kwenye simu. Akasema sawa, atasema alinakili.

Waziri akasogea mbali kidogo ili wasionekane pamoja. Mlango ulipokuwa unafunguliwa, simu ya Nesi ilitetemeka mkononi. Ujumbe ulikuwa wa Waziri:

"Kumbuka tulivyokubaliana. Ukitoka humo tunapanga lini tuende kwa wazazi. Nakupenda kuliko unavyodhani."

Akaingia akiwa anatabasamu, maskini.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imening'inia shingoni. Alimkaribisha kiti, akamuulizia na hali ya nyumbani, ndipo akafika kwenye jambo lenyewe.

"Binti, programu hii ni ya nani?"

"Ya mwenzangu, mwalimu. Mimi nilinakili."

Mwalimu akamtazama, kisha akamgeuzia kompyuta. Akamwomba abadilishe mstari mmoja tu, uzito wa watoto usomeke kwa gramu badala ya kilo. Ilikuwa kazi ya kupepesa jicho. Vidole vya Nesi vilijua pa kwenda, ikabidi avikalie.

"Sijui, mwalimu."

"Hujui kuzidisha kwa elfu moja? Na wewe ni nesi?"

"Sijui."

Kuikana kazi ya mikono yako mwenyewe kunauma, tena kunauma zaidi ukiwa umekaa mbele yake na unaiona ilivyo nzuri. Alijikaza kwa kuwaza ile safari ya kwa wazazi.

Mwalimu akamwita Waziri naye aingie. Akawaeleza sheria ya chuo bila kuzunguka: wanafunzi wakikubaliana kugawana kazi, wote wawili wanaondolewa kwenye kozi.

"Kwa hiyo nauliza," akasema. "Ninyi mna uhusiano gani?"

Nesi alisubiri aseme ni marafiki, au wanasoma pamoja. Lolote la kawaida.

"Hatuna uhusiano wowote, mwalimu," Waziri alijibu, ameketi wima. "Huyu dada ananifuatafuata tangu tuanze kozi. Mimi namheshimu kama dada yangu. Nina mchumba wangu, wazazi wa pande zote wanajua. Nadhani huyu aliichukua programu kwenye kompyuta yangu nilipoiacha maktaba."

Nesi alimgeukia. Waziri alikuwa anamwangalia mwalimu, uso mkavu, hata kope haichezi. Haya hayakuwa kwenye makubaliano.

"Ndivyo ilivyokuwa, binti?"

Akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, aliitikia, kwa sababu hata hapo bado alikuwa anamwokoa. Mimi ninayesimulia sina la kumtetea.

"Basi kijana, kazi ni yako," mwalimu alisema. "Nifafanulie. Python ina amri ya kufuta mistari inayojirudia. Wenzako wote wameitumia, kwako siioni. Kwa nini?"

Waziri akakohoa kidogo.

"Nilipitiwa, mwalimu. Ni kosa dogo."

"Lirekebishe."

Waziri akaivuta kompyuta kwa raha zote. Amri hiyo aliijua, ni ya somo la mwanzo kabisa. Akaiandika, akapeleka kidole kwenye kitufe.

"Usiifute," Nesi alisema.

Wakamgeukia wote.

"Hiyo mistari haijajirudia. Ni mapacha." Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Mama mmoja, siku moja, jinsia moja, uzito sawa. Kompyuta inadhani ni mtoto mmoja kaandikwa mara mbili. Mwalimu, tazama safu ya mwisho, ya aina ya uzazi. Wameandikiwa pacha. Nimewapokea watoto kama hao kwa mikono yangu. Ukifuta huo mstari unamfuta mtu aliyezaliwa."

Mwalimu alivaa miwani, akaisogelea skrini, akaipitia safu ile taratibu. Waziri aliondoa kidole. Kisha mwalimu akairudisha kompyuta kwa Nesi.

"Haya, sasa nipe gramu."

Nesi akaandika huku analia, machozi yakidondokea vitufe. Programu ilikubali palepale.

"Basi programu yako ilimfikiaje yeye?" mwalimu aliuliza, na hapo alikuwa anaongea kama mama.

"Nilimtumia aione tu. Sikumwambia awasilishe."

Mwalimu akashusha pumzi. Alimwambia Nesi atapunguziwa alama na ataandikiwa onyo, ila kwenye kozi anabaki. Waziri aliambiwa ajiandae kwenda mbele ya kamati ya nidhamu.

Nje, Waziri alimkuta Nesi kwenye ngazi.

"Umenimaliza," alisema. Kisha akalainika. "Nisikilize. Yale ya mle ndani yalikuwa ya kujiokoa tu. Unajua sikumaanisha."

"Kwamba nakufuatafuata?"

"Uongo. Nilibanwa, mpenzi."

"Kwamba mimi ni dada yako?"

"Uongo mtupu. Dada yangu tangu lini?"

Akamwekea mkono begani. Mkono ule ulikuwa na joto lake lilelile, na moyo wa Nesi, usio na aibu hata kidogo, ukaanza kumsamehe. Alishafika mbali. Alishawaza atarudi kwa mwalimu amwombee, na kamati akaipigie magoti ikibidi. Mtu akibanwa husema mengi. Alibakiza swali moja, na aliliuliza kwa kulikamilisha tu, jibu akiwa nalo tayari.

"Na mchumba?"

Mkono ukatoka begani. Waziri akawatazama wanafunzi waliokuwa wanapanda ngazi na mabegi yao, akasubiri wapite.

"Huyo yupo," alisema. "Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Nesi aliitikia kwa kichwa. Akataka kuuliza tangu lini, akaona kwamba jibu lolote litamuumiza, akaacha. Waziri alisimama kidogo, akanyoosha shati lake, akashuka.

Nesi alikaa kwenye ngazi, kompyuta mapajani, akalia kwa sauti mchana kweupe, kilio cha mtu aliyefiwa. Watu waliokuwa wanapanda na kushuka walimpisha kwa adabu. Wengine waliinama wakamwambia pole, asikate tamaa, wakidhani amefeli mtihani.