Ukoko wa Mina

Wali ulikuwa haujapakuliwa, lakini ukoko ulikuwa umekwisha kukwanguliwa.

Ashatu aliinama juu ya chungu, upawa mkononi. Juu, wali wa kunde ulikuwa umeiva vizuri, tui limekauka, hakuna chembe iliyoguswa. Alipousogeza kando aliona udongo mtupu, na juu ya udongo alama za kucha ndogo.

"Wifi," alisema Mwanajuma, mke wa kaka yake, huku akiparua samaki mlangoni, "tangu lini ukamaliza ukoko wote na mdomo using'ae?"

"Sijala."

"Basi chungu kimejila chenyewe."

Mwanajuma alicheka. Ashatu hakucheka.

Jiko lile la makuti pale Kaole walilitumia pamoja tangu warudi kutoka Kiwangwa, walikokwenda kuikimbia mizinga ya Wadachi. Jiko la Mwanajuma lilikuwa limeungua. Mwanajuma alirudi na bintiye mdogo, Sada. Ashatu, mjane, alirudi peke yake. Mina wake, kitindamimba, alikufa kwa ndui huko huko njiani, akazikwa haraka haraka, bila hitima, bila hata sahani ya wali.

Katika ukoo wao ukoko ni wa kitindamimba. Mtoto akifa, siku ya arobaini mama huukwangua kwa mkono wake na kumpa mtoto mwingine, chungu kikawa huru. Ashatu hakufanya hivyo. Kila adhuhuri, alipopalia makaa juu ya mfuniko, alinong'ona, "Huu wa Mina." Hakuona kosa. Lilikuwa jina tu, na jina ndilo pekee alilorudi nalo.

Kucha zilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Ikaja na harufu, ya majivu yaliyomwagiwa maji, ingawa moto ulikuwa unawaka. Kisha Sada akaanza kukonda. Alikula mpaka akasukuma sahani, na jioni mbavu zake zilionekana.

"Hukushiba, mama?" Mwanajuma alimwuliza.

"Mwenzangu amenilia wangu."

"Mwenzako yupi?"

Mtoto alinyoosha kidole kwenye mafiga. "Anakaa nyuma ya chungu. Ana njaa sana."

Wakamwita Bi Dija, mganga. Alipitisha mkono ndani ya chungu, akanusa vidole.

"Shikamoo, bibi," alisema Ashatu.

"Marahaba. Nani alikuwa akimwita?"

"Mimi. Nilikuwa namwita mwanangu."

"Uliita, na kaburi liko mbali. Aliyekuwa karibu ndiye aliyeitika. Ni jini mwenye njaa, na sasa ana jina. Wali haumtoshi, anamla huyu mtoto."

"Sauti ni yake, bibi. Nimeisikia."

"Ni yake. Na kesho itakuwa yake zaidi. Kesho ukoko mpe Sada, huyo jini akitazama, kisha umkatae kwa kinywa chako. Mimi siwezi kumkatalia. Sikumzaa mimi."

Mwanajuma alishika pindo la nguo ya wifi yake, akalishika tu.

Kesho yake adhuhuri, watu wamelala na kivuli kimejikunja chini ya kuta, Ashatu alipalia makaa asitaje jina, akakaa karibu na Mwanajuma na Sada, akasubiri, akasikia kule ndani ya chungu kilichofunikwa kucha zikianza kukwangua, polepole, kisha kwa haraka, kisha kwa haraka ya mtoto anayeogopa kunyang'anywa, na ile harufu ya majivu mabichi ikapanda mpaka machozi yakamtoka, au yalikuwa yanatoka tangu asubuhi, akafunua, akakwangua kipande kilichosalia, akakiweka katika kiganja cha Sada.

"Mama," ilisema sauti nyuma ya chungu, "na mimi?"

Ashatu aliutazama mkono wa Sada, mwembamba kama kijiti.

"Wewe si mwanangu," alisema. "Ukoko huu una mwenyewe. Nenda."

Kisha, kwa sauti ya chini kabisa:

"Basi nipulizie tu."

Mina alikuwa hali ukoko mpaka mama yake aupulizie upoe. Hilo walilijua wao wawili tu.

Ashatu alikwisha kukunja midomo. Mwanajuma aliona, akafumba macho. Pumzi moja tu ingetosha. Ashatu aligeuza uso, akaipuliza pumzi ile juu ya ukoko uliokuwa kiganjani mwa Sada.

"Kula, mama," alisema. "Umepoa."

Makaa yalizimika yote kwa pamoja, na harufu ikaondoka.

Sada alinenepa. Mwezi haukuisha akaanza tena kukimbiza kuku. Mwanajuma alijenga jiko lake, lakini aliendelea kupika kwa wifi yake, maana hakutaka awe peke yake saa ile ya kufunua chungu. Kila siku Ashatu aliusogeza wali kando, akatazama chini. Ukoko ulikuwa mzima, mwekundu, hauna hata alama ya ukucha mmoja.

Ndipo alipokuwa akilia.