Hodi ya Kabatini

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa utani. Rafiki yangu, mtunzaji wa nyumba ya kale iliyogeuzwa makumbusho, alipiga hodi kwenye chumba cha kulala kama kila mchana, na mkata tiketi akamcheka: "Siku ukiitikiwa, mzee, mimi usinitafute!"

Akaingia. Madirisha hufungwa daima ili jua lisipaushe vitambaa, hivyo alifuta vumbi kwa kupapasa: kitanda, kiti, kisha kabati la nguo ambalo ufunguo wake ulipotea zamani. Ndani ya kabati pakagongwa mara tatu, taratibu. Sauti ya chini ikasema, "Hodi."

Mdomo una mazoea yake. Kabla hajafikiri, akajibu, "Karibu."

Kitasa kikafunguka kwa mlio mdogo, mkavu. Alitimua mbio.

Asubuhi alifika kwangu bado amevaa nguo za jana, akaniomba shati. Kabati la kwake hathubutu kulifungua. Nikamwonyesha langu, ambamo magauni ya marehemu mke wangu bado yametundikwa. Akasimama mbele yake, akagonga mara tatu.

"Hodi," akasema.

Nami nikazima redio, nisikie vizuri.