Papai Bichi la Kuruthumu

Siku ya soko Kasulu huoni ardhi kwa watu. Nurudini, muuza vitenge wa Kibondo, alikuwa akichagua mzigo alipoona baibui la samawati limeinama kwenye fungu la mapapai. Mwenye baibui alishika papai bichi, akalirudisha. Alikuwa Kuruthumu, muuguzi aliyemtibu mguu mpaka wakapendana, kisha akahama Kibondo bila kuaga.

"Kuru wangu, simu hupokei. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mimi ndiye niliyekuharibia mguu."

Nurudini alikuwa ameungua kwa ekzosi ya pikipiki. Kuruthumu ndiye aliyemshawishi daktari wa zahanati watumie papai bichi lililosagwa, kwa kuwa protini yake hula nyama iliyokufa, kidonda kikapata kufunga. Wengine walipona upesi. Cha Nurudini kilikawia miezi miwili, daktari akaipiga marufuku dawa hiyo.

Nurudini alitokwa na jasho chini ya kofia. Angenyamaza tu, angempata bibie huku anajilaumu. Akashindwa kunyamaza.

"Dawa yako haina kosa. Nikifika nyumbani nilikuwa naifuta, napaka majivu. Kingepona, ningekuonea wapi kila asubuhi?"

Kuruthumu hakucheka.

"Bibi Ndayikeza wa Murungu unamkumbuka?"

"Tulikuwa tunakaa naye benchi."

"Kidonda chake kilikuwa kimeanza kufunga. Dawa ikasimamishwa kwa sababu yako. Mpaka leo kinatoa usaha."

Nurudini alijichukia. Mapenzi yake yalikuwa yamemtesa kikongwe wa watu, naye alikuwa akijiona mjanja. Alinunua mapapai matano bila kupatana bei.

"Twende Kibondo. Daktari nitamwambia mwenyewe."

Alimwambia, akakaripiwa mbele ya wagonjwa, dawa ikaruhusiwa. Bibi Ndayikeza, aliyekuwa palepale benchini, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunua mguu wake.

"Tazama," akasema.

Nurudini alitazama, machozi yakamtoka.

Nje ya zahanati aliuliza kwa sauti ndogo, "Na nikileta posa, mpenzi?"

"Bado nakupenda, na bado nimekukasirikia. Siku bibi atakapotembea bila fimbo, walete wazee wako."

Tangu hapo, kila asubuhi, Nurudini hupeleka papai Murungu, huchemsha maji na kumshikilia bibi mguu wakati muuguzi wa huko anamfunga kidonda.

"Jana nimeota nacheza harusini kwako," bibi humtania. "Ila mguu bado, mwanangu."

"Najua, bibi," hujibu, na kuinamisha kichwa.