Sanduku la Kilo Kumi na Nane

Sanduku lilitoka nyumbani likiwa na kilo kumi na nane, na anayetaka kubisha abishane na mizani, maana aliyelipima ni mwanamke aliyepima magunia kwenye ghala la nafaka kwa miaka ishirini na miwili. Walimwita Mizani, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kabatini pamoja na cheti. Akishanyanyua kitu kwa mkono mmoja anakutajia kilo zake, na wewe ukienda kuhakiki unarudi na aibu yako.

Ndiyo maana kilichomshtua ugenini ni mzigo usio na uzito.

Walikuwa wameteremka kwenye treni asubuhi, yeye na mdogo wake, Kitinda, mziwanda wa mama yao. Kitinda alikuwa na valvu ya moyo iliyochoka. Hospitali ya nchi ile ilikuwa imemwekea kitanda, lakini mwisho saa kumi jioni siku hiyo hiyo. Akichelewa, kitanda anapewa mwingine, na zamu inayofuata ni baada ya miezi mitatu. Daktari wa nyumbani alikuwa amemwita Mizani pembeni akamwambia bila kuzunguka: miezi mitatu huyu hana.

Treni ya kuelekea hospitali ilikuwa inaondokea stesheni nyingine, ng'ambo ya mji, saa saba kamili. Sasa ilikuwa saa nne na nusu.

Kwenye ngazi za kutokea jukwaani alisimama mwanamke mjamzito, mkono kiunoni, kisanduku cheusi miguuni. Watu walimpita kama nguzo. Mizani alikasirika. Kwao mtoto wa miaka mitano anajua kwamba ukikutana na mtu na mzigo, unampokea.

"Lete nikupokee, mama."

Mwanamke aligeuka. Alizungumza lugha yao, tena kwa lafudhi ya mtaa wao, na Mizani alifurahi badala ya kushangaa. "Umenipokea?"

"Nimekupokea. Twende, watu wanatusukuma."

Alishika kile kisanduku. Mkono ukaruka juu wenyewe, kama mtu anayepanda ngazi ambayo haipo. Hata hewa iliyomo ndani ya debe tupu, mkono wake ulikuwa unaijua. Hiki hakikuwa na chochote. Alipofika juu alitua sanduku lao, alilolibeba kwa mkono wa pili, akatazama. Mwanamke hayupo. Kiganja chake kimekunjwa, na ndani ya kiganja hakuna mshikio wala kisanduku, ila harufu ya maji ya maua yaliyoozea kwenye chombo.

"Dada, unaongea na nani?" Kitinda aliuliza, akihema.

"Na yule mjamzito."

"Mjamzito gani? Umepanda ngazi peke yako, mkono umeunyoosha kama umebeba chungu."

Mizani aliinamia sanduku lao alinyanyue. Kilo ishirini na moja.

*

Dereva wa teksi alilipakia akiguna. Alijua lugha yao kwa kuungaunga. "Mama, humu mmeweka mawe?"

"Nguo na faili za hospitali."

"Nguo za nani? Za tembo?"

Kitinda alicheka, na kicheko kikamkata pumzi. Sanduku halikuingia kwenye buti, likawekwa kiti cha nyuma katikati yao. Mji ulipita dirishani: maduka ya viatu, taa za barabarani, mafundi wakichimba mtaro. Ndani ya gari ile harufu ilizidi, na chini ya mngurumo wa injini Mizani akasikia kitu kinameza. Kwa utaratibu, kwa adabu kabisa, kama mgeni anayekunywa uji wa moto.

Dereva akatazama kwenye kioo. "Mwambieni huyo wa katikati afunge mkanda. Askari wa huku hawana utani."

"Yupi wa katikati?"

Dereva alitazama tena. Alitazama kwa muda ambao mtu aliyeshika usukani hapaswi kutazama, kisha akasogeza gari pembeni, akashuka, akafungua mlango wa nyuma na kuburuta sanduku mpaka chini bila kumtazama mtu usoni. "Shukeni. Nauli sitaki. Shukeni tu, mama, nina watoto."

"Wewe mwanaume mzima unatutupa njiani na mgonjwa?" Mizani alimfokea, lakini alikuwa anafokea moshi.

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Wakatembea. Magurudumu ya sanduku yalianza kulia kwa uzito. Mizani aliburuta, jasho likimtiririka, mkono ukihesabu hata pale alipouomba usihesabu: ishirini na sita, ishirini na nane. Nyuma yake kitu kikalia kwenye lami, tingi. Pete ya Kitinda. Ilikuwa imemvuka kidoleni yenyewe.

"Dada, sketi inanishuka," Kitinda alinong'ona, ameishika kiunoni kwa ngumi. "Asubuhi niliifunga ikanibana."

Kulikuwa na mtaro wa kuvuka. Mizani alimkumbatia mdogo wake amvushe, na alipomwinua, akaganda naye hewani. Kitinda alikuwa na kilo arobaini na nane walipoondoka. Alimpima mwenyewe ghalani, wakicheka. Sasa alikuwa na thelathini na sita. Kumi na mbili zimepotea tangu asubuhi. Na sanduku, lililokuwa na kumi na nane, mkono ulikuwa umeshasema: thelathini.

Hesabu haina huruma. Ndani ya sanduku kitu kilikuwa kinameza.

Alilifungua kwa hasira, asione ila nguo zilizokunjwa, akachomoa faili na dawa, akalipiga teke likalala ubavu kwenye mtaro. "Kula nguo!" alisema, akamshika Kitinda mkono, wakaenda. Hawakufika hatua kumi. Kitinda alikunjika kama kitambaa, midomo ikawa ya bluu, macho yakageuka juu, na Mizani alipiga kelele akaomba msaada na watu wa mji ule wakaharakisha kuvuka upande wa pili wa barabara, naye akarudi mbio mpaka mtaroni akashika lile sanduku kwa mikono miwili, na palepale, nyuma yake, akasikia mdogo wake akivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetolewa kisimani.

Basi akaelewa. Mdogo wake alikuwa sehemu mbili. Sehemu moja ilikuwa humo.

*

Walifika stesheni ya pili saa sita na dakika ishirini na tano. Mizani alikuwa ameburuta kwa mkono wa kulia, na wa kushoto amemkumbatia Kitinda kama unavyobeba nguo za kuanika. Kwenye chumba cha kutunzia mizigo alikaa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi upande wao wa mpaka. Aliona sanduku, akasukuma kiti nyuma.

"Usiliweke kwenye meza yangu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, lakini usiliweke." Alishusha sauti. "Ulimpokea nani, mwanangu?"

Mizani alimwambia. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Huyo hupita kwenye stesheni. Anatafuta watu waliolelewa vizuri. Mjivuni akimwona anampita, yuko salama. Mwenye adabu anampokea."

"Mbona hanili mimi? Mimi ndiye mjinga niliyempokea!"

"Mgeni hamli mwenyeji wake. Anakula kilicho cha mwenyeji. Na wewe, cha kwako ni nini?"

Mizani alimtazama Kitinda, aliyejilaza kwenye benchi, shingo kama ya ndege.

"Anatokaje?"

"Apokewe na mwingine. Kwa neno lile lile, kwa hiari yake." Mzee akageukia ukuta. "Mimi usiniombe. Nina wajukuu."

Jukwaani treni ilikuwa tayari inanguruma. Mizani alimlaza Kitinda kwenye benchi la karibu. Kwenye ngazi zake, ngazi tatu tu za chuma, Mizani alijaribu kulinyanyua sanduku, likagoma. Akajaribu tena, kiuno kikalia. Dakika sita. Kondakta alikuwa anafunga milango ya mbele, mmoja baada ya mwingine, pa, pa, pa, na kila mlango uliofungwa ulimwingia Mizani kifuani.

"Mama, utaachwa! Lete nikupokee."

Alikuwa binti wa upande wao, msafiri, mtoto mchanga amemfunga mgongoni kwa kanga. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka. Kumeza kukanyamaza. Ndani ya sanduku kitu kilikuwa kinasikiliza.

Neno moja tu. Mizani hakuhitaji hata kulisema yeye. Alihitaji kunyamaza, basi, aachie mshikio, binti aseme "nimekupokea", na Kitinda angeinuka pale benchini na kilo zake zote, wangepanda, wangefika, na nani angejua, katika nchi ambayo hakuna anayewajua, kwamba Mizani, ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kumpunja mkulima hata robo kilo, leo amempunja mtu mtoto wake? Kisigino cha yule mchanga kilitoka kwenye kanga, chekundu, kidogo kama kokwa. Mdomo wa Mizani ulikuwa wazi.

"Hapana, mwanangu," alisema. Sauti ilitoka kama imekwaruzwa. "Huu haupokewi. Ondoka. Ondoka nimekwambia!"

Binti alirudi nyuma ameudhika. Mizani alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye zipu.

"Sikiliza, wewe. Mzee amesema mimi ni mwenyeji wako. Sawa. Kwetu, mwenyeji ndiye anayemwandalia mgeni, mgeni hajichagulii chungu. Huyo simwandai. Nakuandalia mimi. Kula hapa."

Kisha ule mshikio, wa plastiki, ukawa na joto. Ukamfumbata vidole, taratibu, kama mkono wa mtu anayeshukuru.

*

Sanduku lilikubali kupanda. Walifika hospitali saa kumi kasoro robo. Kitinda alipasuliwa siku ya pili yake. Valvu ilikubali. Wiki ya tano alikuwa anapanda ngazi za wodi akiimba kwa makusudi, kuwaudhi manesi.

Mizani, aliyekuja na kilo sabini na tano, alikuwa na hamsini. Wakati wa kurudi, kwenye ngazi zile zile za stesheni ya kwanza, alisimama kupumzika. Kitinda alimwangalia, kisha akaunyakua mshikio.

"Lete nikupokee, dada."

"Achia! Wewe mtoto, achia!"

"Nilisikia yote pale benchini. Nimempokea. Kwa hiari yangu, mwenyewe asikie." Mizani alimzaba kibao mbele za watu, akamkumbatia papo hapo, wakalia wote. "Zamu," Kitinda alisema kwenye bega lake. "Wiki yako, wiki yangu. Mwenye kupumzika anakula anenepe. Kazi ya watu wawili haiui."

Na ndivyo walivyoishi. Waganga watatu waliitwa. Wa mwisho aliondoka bila kuchukua viatu vyake. Kila Ijumaa, ghala likishafungwa, walipanda pamoja kwenye mizani ya magunia, wao na sanduku. Mmoja akipungua, sanduku linazidi, akipumzika, zinarudi. Jumla haikubadilika: mia moja arobaini na moja, Ijumaa baada ya Ijumaa. Wakaizoea hesabu hiyo. Mtu huzoea hata mwiba akiwa hana kibano.

Mpaka Ijumaa ya juzi. Mshale wa mizani ulipita mia moja arobaini na moja, ukatetemeka, ukatulia kwenye mia moja arobaini na nne.

"Imeharibika," alisema Kitinda.

Mizani alishuka, akapima jiwe la kilo hamsini. Hamsini. Alirudi kwenye sanduku, akalinyanyua kwa mkono mmoja, akafumba macho. Kilo tatu ambazo si za Kitinda, si zake, wala si za nguo. Aliujua uzito huo. Mwanamke yeyote aliyewahi kupokea mtoto wa mwenzake kitandani anaujua. Akakumbuka ngazi, mkono kiunoni, tumbo lililotangulia mbele.

Ndani ya sanduku yule mgeni wao alikuwa anameza, kwa utaratibu, kwa adabu, kama siku zote. Na pembeni yake, kwa pupa, kitu kingine kidogo kilikuwa kinajifunza kumeza.

Kitinda alijishika kiunoni. Mizani alihisi mkanda wake mwenyewe ukilegea, papo hapo, wote wawili kwa pamoja.

"Dada," Kitinda alinong'ona, "wiki hii si zamu yako."